Kumtoa darasani ni kumlipa

Mhariri,

Mwanafunzi wa sekondari akitupa kitabu katikati ya kipindi cha hisabati, shule nyingi zina jibu moja: toka nje. Kwa kijana mwenye matatizo ya kihisia, tena ambaye hesabu za ubaoni zimemshinda, hayo ni malipo. Amepata alichotaka, na kesho atakitupa tena.

Kabla ya kuamua lolote, walimu wake wote waandike kwa wiki moja au mbili mambo matatu tu: nini kilitangulia, alifanya nini hasa, na nini kilifuata. "Ana kiburi" haitusaidii. "Aliambiwa asome kwa sauti, akasukuma meza, akatolewa" inatusaidia. Kumbukumbu hizo zikisomwa pamoja, huonekana kama anakwepa kazi, anatafuta macho ya watu, au anadai kitu fulani. Anayekwepa kusoma kwa sauti apewe aya hiyo mapema aipitie peke yake.

Kwa anayetafuta macho ya watu, kadi ya siku hufaa zaidi. Asubuhi anaonana na mtu mzima mmoja, yuleyule kila siku, kwa dakika tano. Kadi ina malengo mawili au matatu yanayotaja la kufanya ("nanyoosha mkono kabla ya kusema"). Kila mwalimu anaweka alama 0, 1 au 2 kwa kila lengo mwisho wa kipindi, na jioni mwanafunzi na yule mtu mzima wanajumlisha pamoja. Kiwango cha kawaida cha kufikia ni asilimia 80 ya alama zote, lakini anayeanzia 40 apangiwe 50 kwanza, la sivyo Jumanne kadi itakuwa imechanwa. Nayo haifai kitu mwalimu akiigeuza daftari la makosa.

Hasira zikishapanda, si wakati wa kufundisha. Shusha sauti, punguza maneno, simama kando yake badala ya uso kwa uso, na wenzake waendelee na kazi wasigeuke watazamaji. Mpe njia mbili achague, kisha sogea mbali kidogo atii bila kuaibika. "Kwa nini umefanya hivi?" ingoje mpaka atulie kabisa.

Walimu wajue pia kwamba tabia iliyozoea kulipa, ikinyimwa malipo, huweza kuzidi kwanza. Wengi huchoka hapohapo, wakamtoa nje, naye akajifunza kwamba siku nyingine azidishe vurugu. Mwalimu anayeshikilia kipindi cha mwenzake naye apewe mpango huo kwa maandishi, maana asiyeambiwa ndiye huuvunja bila kujua.

Mwalimu wa ushauri na unasihi