Usimwambie mgonjwa adokoe

Kwako rafiki yangu,

Salaam nyingi. Sisi huku hatujambo, na natumai nawe na wote nyumbani ni wazima. Barua yako ilinifikia juzi pamoja na zile kurasa za ushauri kwa wagonjwa waliopoteza hamu ya kula. Nilizisoma kwa utulivu mpaka nilipofika ukurasa wa pili, pale ulipoandika: "Mgonjwa adokoe chakula mara kwa mara." Hapo nilicheka peke yangu hadi nikaulizwa nina nini.

Unisamehe, mwenzangu. Kazi ni nzuri, lakini mgonjwa wa watu umemfanya mwizi wa jikoni.

Najua ulikopita. Ulitaka neno moja la kula vipande vidogo vidogo, na kweli kudokoa kuna udogo ndani yake: vidole viwili, kipande kisichojaza hata shavu. Ila uzito wa neno hauko kwenye udogo. Mtu hadokoi chakula chake. Akishapakuliwa, sahani ikiwa mbele yake, hata akila punje moja moja hadi jioni, hajadokoa kitu. Anayedokoa ni yule aliyefunua chungu kabla watu hawajaitwa kula. Tena hudokoa akiwa amesimama, kifuniko mkono mmoja, masikio mlangoni. Sijawahi kuona mtu akivuta kiti ili adokoe.

Ndiyo maana mpishi haambiwi anadokoa. Yeye huonja. Kipande ni kilekile, pengine cha mpishi ni kikubwa zaidi (tunajuana sisi tunaopika), lakini yeye ana ruhusa, na ruhusa ndiyo inayobadilisha kitenzi. Mtoto akikutwa na nyama mdomoni hukimbilia neno hilohilo: "Nilikuwa naonja tu." Na mwenye nyumba akitaka kulalamika bila kumtaja mtu, husema nyama imedokolewa, kisha wote humtazama mmoja.

Halafu kuna mdokozi. Jina hilo halimtoshi mwizi wa ng'ombe wala mvunja nyumba. Mdokozi huchukua kile anachodhani hakitaonekana: kijiko cha sukari, sarafu iliyosahauliwa mezani. Neno limetoka chunguni likaingia mifukoni mwa watu, na huko halina mzaha tena. Mwite mtu mdokozi mbele za wenzake uone.

Mimi mwenyewe nakiri. Mwaka jana nilioka keki ya wageni wa kesho yake. Usiku nikapita jikoni, nikadokoa kidogo ukingoni. Upande huo ukabaki na pengo, basi nikadokoa upande wa pili ili zilingane. Hazikulingana. Nikarudi wa kwanza. Bandu bandu huisha gogo, walisema wahenga, na sidhani walikuwa wakifikiria kuni peke yake, maana ni haohao waliosema chovya chovya humaliza buyu la asali. Asubuhi keki ilikuwa bado ya duara, ila duara la familia ndogo.

Turudi kwenye kazi yako. Maneno ya jamii hii yapo mengi, lakini kila moja lina mdomo wake. Kudonoa ni kwa ndege kwanza, anapogonga punje kwa mdomo. Ukimhamishia mtu, hasa ukilirudia, kudonoadonoa, unamsema anayekichezea chakula bila hamu. Hivyo ndivyo mgonjwa wako alivyo sasa, sivyo unavyotaka awe. Kuguguna kunataka kitu kigumu na meno mazima: mtu na mfupa, panya na mbao. Kumung'unya ni kazi ya fizi na ulimi, na kwa baadhi ya wagonjwa wako, wale wasioweza kutafuna, linafaa kabisa; litumie hapo tu. Kumega linaeleza mkono zaidi kuliko mdomo. Kunyofoa achana nalo, utadhani anapigana na chakula.

Kuna na kudondoa, ambalo nalipenda kuliko yote ingawa halitakusaidia. Ni kuokota kimoja kimoja, kwa kuchagua, na ndiyo maana vipande tunavyovitoa katika maandishi ya watu tunaviita dondoo. Mwenye kudondoa maneno hutaja alikoyatoa. Angeyadokoa, angenyamaza.

Ningekuwa wewe ningeandika: "Mgonjwa ale kidogo kidogo, mara kwa mara." Najua utanung'unika kwamba ulitaka kitenzi kimoja chenye kubeba yote. Hukihitaji. Kula kunatosha, na kazi iliyobaki inafanywa na huko kurudia. Ndiyo sababu nakusihi uwe macho wakati wa kuchapa, maana kuna mtu ataona "kidogo" mbili zimefuatana, adhani ni kosa, afute moja. "Ale kidogo" ni kumpunguzia mgonjwa chakula. "Ale kidogo kidogo" anaweza kumaliza sahani nzima, ila polepole, kwa vipande anavyovimudu. Anayemlisha akisoma ile ya kwanza, atamwondolea sahani mapema, na mgonjwa mwenyewe kwa kuwa hana hamu wala hatalalamika. Mwambie mchapaji kwa mdomo, usimwachie karatasi tu.

Nitumie kurasa zilizobaki nizipitie kabla ya mwisho wa mwezi. Wasalimie wote, na wadogo uwabusu. Ukija nitaoka nyingine, na safari hii nitakuachia wewe uifunike.

Ni mimi,
rafiki yako wa siku zote