Mkitupangia harusi Kigoma, tazameni na mwezi

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na kamati za harusi, hasa zile zinazokaa Dar es Salaam zikatupangia tarehe sisi tulioko Kigoma.

Mimi naanika na kuuza dagaa hapa mwaloni Kibirizi, mitumbwi inaposhusha samaki. Kadi za mchango hunikuta hukuhuku mchangani, na siku hizi nasoma tarehe kabla sijasoma jina la bwana harusi. Nikiona Jumamosi ya mwisho wa mwezi, najua waliopanga ni watu wa mshahara. Si vibaya, kila mtu na riziki yake. Ila ya kwetu haina habari na tarehe 25.

Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa. Kukiwa na giza, taa inawaita wanakusanyika chini ya mtumbwi. Mwezi ukipevuka, ziwa zima ni mwanga, dagaa hawana haja na taa ya mtu. Basi mitumbwi inavutwa nchi kavu, nyavu zinashonwa, mgawo unapigiwa hesabu. Hiyo ndiyo mbalamwezi. Siku hizo waume wanalala nyumbani na hela ipo. Anayetaka kuona wajomba wote ukumbini, wameoga na wameshiba usingizi, aoe mbalamwezi.

Mwaka 2024 uvuvi ulifungwa ziwani kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, samaki wapate kuzaliana. Hilo sina ugomvi nalo. Mtoto wa kaka yangu alikuwa anaoa mwaka huo, na kamati, yote kwenye kundi la WhatsApp, ikachagua 31 Agosti. Ziwa limefunguliwa, mishahara imetoka, Jumamosi. Nikawaambia: ziwa linafunguliwa tarehe 15, mwezi unapevuka tarehe 19, kwa hiyo cha maana hakivuliwi mpaka mwezi upungue. Hiyo 31 ni giza la kwanza baada ya miezi mitatu ya kukaa bure, nani ataliacha? Nikajibiwa, "Shangazi, ukumbi tumeshalipia."

Siku ilipofika, meza za upande wa mwanaume zilijaa akina mama na watoto. MC akamwita baba mdogo aje atoe nasaha, kimya. Akamwita tena. Mimi nilikuwa nimetoka nje kupunga upepo, na kutoka pale ukumbini ziwa linaonekana vizuri: taa zimejipanga mpaka unachoka kuzifuata kwa macho. Wageni wetu ndio wale. Baba mdogo alitokea kesho yake asubuhi, nguo zimelowa, akauliza kama pilau imebaki. Ilibaki, tena ya kutosha mtaa.

Wapo watakaosema dini zina kalenda zake. Zinazo, na wala hazigombani na ziwa. Waislamu wa Ujiji wanahesabu mwezi mwandamo tangu enzi; tarehe 13, 14 na 15 za mwezi wowote ni mbalamwezi, kwa hiyo anayeoa katikati ya Mfunguo Mosi amemaliza Ramadhani na amewakuta wavuvi nyumbani. Kwa Wakristo, Pasaka yenyewe inafuata mwezi mpevu. Ni Jumapili inayokuja baada yake. Ndoa zinazosubiri Kwaresima iishe zingeweza kufungwa wiki hiyohiyo. Kasoro ya Pasaka ni mvua. Dagaa wakinyeshewa juu ya chanja siku mbili mfululizo wanatoa funza, unawafagia unawatupa, halafu mtu anakupigia simu kukukumbusha ahadi ya mchango. Mtanisamehe, simu hiyo huwa sipokei.

Muda wa kuuliza upo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa itolewe siku 21 kabla, na Wakatoliki hutangaza ndoa kanisani Jumapili tatu, lakini kamati zenyewe hukaa vikao miezi na miezi zikijadili rangi ya sare na keki. Kwenye vikao vyote hivyo, simu moja kwa mtu wa mwaloni haiwezi kuwashinda. Hata mtoto wa darasa la tano huku atawaambia giza linaingia lini.

Kwa wanaopanga mwaka 2026, hesabu nimeshawafanyia. Jumamosi ya 26 Septemba mwezi unapevuka, masika ya huku yanakuwa hayajatufikia, na watu wa mshahara nao watakuwa wametoka benki. Wahini mapema kumbi za Mwanga, hapa mjini Kigoma. Na mimi kadi mniandikie ya watu wawili.

Mama wa dagaa,
Kibirizi, Kigoma