Kinuyo Tanaka hakuwa mwigizaji wa Mizoguchi tu

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya sinema za kale za Japani ilimmaliza Kinuyo Tanaka kwa sentensi moja: mwigizaji kipenzi wa mwongozaji Kenji Mizoguchi. Ni kweli, ila mmempunja.

Mama huyu alizaliwa Shimonoseki mwaka 1909. Alikulia Osaka katika ufukara, akipiga ala ya biwa kwenye kikundi cha wasichana, na mwaka 1924 akaajiriwa na kampuni ya filamu ya Shochiku. Wakati huo haikuwa zamani tangu nafasi za wanawake katika sinema za Japani zichezwe na wanaume waliovaa kike. Mwaka 1931, Japani ilipotoa filamu yake ya kwanza yenye sauti mwanzo hadi mwisho, aliyecheza mke wa nyumba alikuwa yeye. Yote hayo ni miaka mingi kabla ya Oharu, yule mwanamke wa hadhi anayeporomoka hadi kujiuza barabarani, filamu ya Mizoguchi ya mwaka 1952 mliyoisifu.

Mmeruka pia kisa cha Januari 1950. Alirudi kutoka ziara ya Marekani amevaa miwani ya jua, akawarushia mashabiki mabusu. Magazeti ya kwao yalimchachafya kana kwamba ameuza nchi. Kwa mabusu tu!

Hakujificha. Alikwenda kujifunza kazi kwa mwongozaji Mikio Naruse, na mwaka 1953 akatoa filamu yake mwenyewe, Koibumi, iliyofika hadi kwenye mashindano ya tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa. Kabla yake Japani ilikuwa na mwongozaji mmoja tu wa kike wa filamu za hadithi, Tazuko Sakane. Tanaka alipotaka kutengeneza filamu yake ya pili, aliyempinga ni huyohuyo Mizoguchi, aliyekuwa akiongoza chama cha waongozaji. Mwongozaji mwingine, Yasujiro Ozu, ndiye aliyesimama upande wake. Tanaka aliongoza filamu sita kufikia mwaka 1962. Moja inamhusu mshairi mwenye saratani ya matiti, nyingine wanawake wanaojaribu kuanza maisha upya baada ya Japani kupiga marufuku ukahaba. Sidhani mwanaume yeyote wa siku zile angeyashika mambo hayo bila kuyatia sukari.

Uzeeni, katika filamu ya Sandakan ya mwaka 1974, alicheza bibi aliyeuzwa ng'ambo kufanya ukahaba akiwa binti. Tamasha la filamu la Berlin lilimpa tuzo ya mwigizaji bora wa kike mwaka 1975, miaka miwili kabla ya kifo chake. Wanawake wa namna hiyo, karayuki-san, wengine walifika hadi Unguja na kuishi Mji Mkongwe. Kwa hiyo naomba kupitia gazeti lako waandaaji wa Tamasha la Filamu la Kimataifa la Zanzibar waitafute filamu hiyo na kutuonyesha, ikiwezekana na maandishi ya Kiswahili chini.

Msomaji wenu,
Dar es Salaam