Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti kwa wanachama: jasi yetu tunaiuza vipi?

Wanachama wenzangu habari za kazi, na poleni na vumbi. Poleni zaidi na masika maana mwaka huu mvua ilitutoa mashimoni muda mrefu na wenye tipa wakakimbilia kwingine. Mambo ya hesabu mweka hazina atayasoma mkutanoni na kila mtu atapewa karatasi yake, mimi hapa naongelea mali tuliyonayo ardhini, yaani jasi (jipsam), na jinsi tunavyoiuza kwasababu hapo ndo tunapoumia.

Sisi wa madini ya viwandani huwa tunasahaulika, ukisema wewe ni mchimbaji mtu anawaza dhahabu au tanzanite tu. Lakini hebu angalieni hii kanda yetu ya kaskazini ilivyojaliwa. Jasi iko huku Makanya wilayani Same, fosfati iko Minjingu na inatengenezwa mbolea, magadi yako Engaruka na Ziwa Natron, Tanga kuna mawe ya chokaa yanayolisha viwanda vya saruji, Lushoto kuna boksaiti (mawe ya kutengenezea alumini), na hata Mererani kwenye miamba ileile ya tanzanite kuna grafiti (ile nyeusi ya ndani ya penseli) ambayo miaka ya 1990 ilikuwa na mgodi wake alafu ukafungwa. Kuwa na madini chini peke yake hakukulishi, lazima kuwe na kiwanda kinachoyataka na nauli isimeze bei. Dhahabu mtu anaiweka mfukoni anapanda basi, jasi inataka semi na dizeli, kwahiyo kila tani yenye udongo au maji ndani yake tunakuwa tumelipia nauli ya kitu ambacho mnunuzi hakihitaji.

Mnunuzi wetu mkubwa ni kiwanda cha saruji. Pale jasi inasagwa pamoja na klinka (mawe ya saruji yaliyotoka tanuruni), kama asilimia 3 mpaka 5 hivi, na bila hiyo saruji ikishapata maji inashika palepale fundi hata hajaitandaza. Kwahiyo hawawezi kutukwepa, na tangu serikali ilivyopiga marufuku kuagiza jasi ya nje mwaka 2016 soko la ndani ndo tumeachiwa sisi. Sasa kama soko lipo, kwanini wengi wetu bado tunauza kwa dalali bei ya kutupa? Nimeuliza viwandani, nimewauliza na madereva, jibu ni lilelile: gredi, yaani daraja la ubora, haieleweki na mzigo hauna uhakika, leo inakuja gari nyeupe safi kesho inakuja nyekundu ya udongo.

Ndo maana kamati ilisukuma sana suala la sampuli, na nawashukuru wote mliokubali mawe yenu yapelekwe maabara ya GST (taasisi ya serikali ya jiolojia na utafiti wa madini) Dodoma. Majibu kila mwenye shimo amepewa ya kwake na ni siri yake, ila kwa ujumla tofauti ni kubwa, mashimo mawili yanayopakana yanaweza yasifanane kabisa. Wengine mliniuliza ile SO3 kwenye karatasi ndo nini, ni hivi, ni kipimo cha salfa iliyomo kwenye jiwe, na jasi safi kabisa inakuwa na SO3 kama asilimia 46.5, ukiona yako imeshuka sana ujue kuna udongo, mchanga au chokaa imeingia humo. Maji nayo yako ya aina mbili. Yapo yaliyo ndani ya jiwe lenyewe, karibu asilimia 21, hayo ni ya asili na mnunuzi anayajua, alafu kuna ya mvua ambayo anayakata kwenye mizani na ana haki ya kuyakata. Jamani hili la pili liko mikononi mwetu, tandaza mzigo ukauke, nunua turubai, na kijiko (mashine ya kuchimbia) kikija mwambie dereva aondoe udongo wa juu kwanza ausogeze pembeni kabla hajagusa jasi. Mali safi weka lundo lake na chafu lundo lake, ukichanganya zote zinapewa bei ya chafu.

Kuhusu kuongeza thamani, mwaka huu maneno yalikuwa mengi. Wapo wanaotaka tujenge tanuru moja kwa moja, maana jasi ikichomwa kwenye nyuzi joto kama 150 inapoteza sehemu kubwa ya maji yake na kuwa ule unga wa chaki na wa dari za jipsam. Ni kweli inalipa, lakini kuni na umeme vinakula hela na huo unga ukipigwa na unyevu umeharibika. Mimi msimamo wangu ni tuanze na mashine ya kusaga, maana jasi ya kusagwa bila kuchomwa inatibu mashamba ya umwagiliaji yaliyoharibiwa na magadi, kalsiamu yake inaitoa sodiamu kwenye udongo alafu maji yanaiosha, na mashamba ya namna hiyo yapo mabondeni kanda hiihii. Hilo soko hatujaligusa na linanikosesha usingizi kwa kweli!

Leseni ndogo za uchimbaji ni za miaka 7, angalieni tarehe zenu na mlipe pango la kila mwaka kwa wakati, tusije tukapoteza vitalu kwa uzembe. Mrabaha wa asilimia 3 tunaolipa serikalini kwa madini tunayouza na ushuru wa huduma wa halmashauri tunzeni risiti zake. Mashimo yaliyoisha yafukiwe, mbuzi na watoto wanapita pale.

Mkutano mkuu ajenda yangu kubwa ni moja, kuuza kwa pamoja. Napendekeza tuwe na yadi moja yenye malundo matatu kwa gredi, mizani yetu wenyewe, na mkataba mmoja na kiwanda, kila mwanachama analipwa kwa tani na kwa gredi aliyoleta. Najua wapo wenye wateja wao wa zamani na hawataki kuwaachia, wasilazimishwe, waanze hata na nusu ya mzigo. Rasimu ya mkataba iko kwa katibu, isomeni kabla, hasa kile kipengele cha unyevu na cha siku za malipo, mje na marekebisho yenu yameandikwa.