Mlio mmoja haumpimi mdogo wangu

Mhariri,

Makala yenu ya wiki iliyopita kuhusu ubongo na sauti zisizotarajiwa niliisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilifurahi kuona skizofrenia, ugonjwa wa akili, imepewa ukurasa mzima bila neno "pepo" kutokea hata mara moja. Mara ya pili nilikwama kwenye kichwa chake, kilichoahidi kipimo cha kumtambua mgonjwa kwa dakika chache. Kipimo hicho nimefanyiwa mimi, na mdogo wangu wa kiume amefanyiwa. Yeye ndiye mgonjwa. Mimi nilikuwa wa kulinganishwa naye.

Unavishwa kofia yenye matundu, na kila tundu linatiwa jeli ya baridi ili elektrodi zinase umeme wa ubongo juu ya ngozi ya kichwa. (Jeli ikikauka kwenye nywele, jiandae kuosha mara mbili.) Unawekewa filamu isiyo na sauti, unaambiwa uitazame na usijishughulishe na yanayolia masikioni. Yanayolia ni ti, ti, ti, ti, ti, kisha ghafla tiii, mlio mrefu kidogo tu kuliko wenzake, halafu ti, ti, ti tena. Mamia kwa mamia. Baada ya muda mfupi nilishasahau kama kuna mlio wowote. Ubongo haukusahau. Kwa kawaida, kati ya milisekunde 100 na 250 hivi tangu mlio ubadilike, ubongo hutoa wimbi dogo la umeme, kana kwamba unasema "huu sio niliokuwa nikiungoja", hata kama mwenyewe hana habari. Wimbi hilo, liitwalo kwa Kiingereza mismatch negativity, kwa kifupi MMN, lilielezwa mwaka 1978 na Mfini Risto Näätänen na wenzake.

Mwaka 1991 watafiti waliripoti kuwa kwa wenye skizofrenia wimbi hilo ni dogo, na tafiti nyingi zimeliona hilo tena tangu hapo, hasa kinachobadilika kikiwa ni urefu wa mlio. Watu wenye afya wakipewa ketamini, dawa inayoziba vipokezi vya NMDA ambavyo seli za ubongo hutumia kupokea glutamati, kemikali ya kupelekeana ujumbe, wimbi lao nalo hupungua. Ndiyo maana wataalamu wengi hawayalaumu masikio. Wanaitazama ile kazi ya ubongo ya kukisia kinachofuata na kuzinduka pale kinapokuja kingine.

Nanyi mliandika kwamba ubongo wa mgonjwa "hushtuka kupita kiasi" kwa kila sauti mpya. Kipimo hiki kinaonyesha kinyume chake: mlio unabadilika, na ubongo wake unaitikia kidogo. Kwetu tunaoishi naye hilo lina uzito. Mlango ukibamizwa nyuma yake, mdogo wangu huenda asigeuke. Jioni akaniuliza kwa nini saa ya ukutani ilikuwa ikimsema mchana kutwa. Sidai kwamba wimbi lile ndilo linaloeleza habari ya saa. Ila miaka mingi tulimkemea, "Wewe husikilizi?", na kumbe kuna sehemu ya kusikia ambayo hata mimi siifanyi kwa kutaka.

Sasa nirudi kwenye kichwa cha habari. Tulipomaliza nilimwomba mtafiti anipe matokeo ya mdogo wangu. Alichukua karatasi akachora vilima viwili, kimoja cha wagonjwa, kimoja cha wasio wagonjwa, vikiwa vimepandana sehemu kubwa. Akaweka kalamu pale vilipopandana: "Wewe unaweza kuwa hapa, na yeye akawa hapa hapa." Tofauti inayotajwa ni ya wastani wa makundi. Wimbi hupungua hata kwa uzee. Hadi leo daktari wa akili huitambua skizofrenia kwa kuzungumza na mgonjwa na jamaa zake, na kwa kuangalia dalili zimedumu muda gani.

Juzi mama mmoja aliyesoma makala yenu alinipigia kuuliza mashine hiyo iko wapi ampeleke mwanawe. Nilimwambia amtafutie kwanza daktari wa akili. Naomba masahihisho yachapwe kwa herufi kubwa zilezile zilizotumika kwenye kichwa cha habari.

Dada wa mgonjwa