Mbwa hatibiwi kwa kapsuli zilizobaki

Mhariri,

Mbwa akipata kidonda, wengi wetu hufungua kabati, tukatoa amoksilini, dawa ya kuua bakteria, zilizobaki mtoto alipougua kifua, tukazichanganya kwenye ugali wake. Wengine hupasua kapsuli ya rangi mbili na kunyunyizia unga kidondani. Huko ni kufuga usugu wa vimelea dhidi ya dawa ndani ya nyumba.

Mbwa wa kilo 30 akipewa kapsuli moja ya miligramu 250 anapata miligramu 8 tu kwa kila kilo. Kipimo cha kawaida ni 10 hadi 20, mara mbili kwa siku. Dozi pungufu huua vimelea dhaifu na kuviachia uwanja vilivyo sugu. Tena wengi wa stafilokokasi, bakteria wa ngozi, hutoa kimeng'enya kinachovunja amoksilini, kwa hiyo hata dozi kamili mara nyingi haifui dafu. Unga nao huganda juu ya usaha, dawa isifike chini.

Watu humlaumu mnyama kwa kuleta vimelea sugu nyumbani. Ukweli ni kwamba MRSA, stafilokokasi sugu, mara nyingi hutoka kwetu: hukaa puani mwa mtu bila dalili yoyote, mikono ikaifikisha kwa mbwa au paka, naye akaipeleka kwa mwingine. Nawasihi msimuue mbwa kwa sababu hiyo. Wengi huondokana nayo wenyewe baada ya wiki kadhaa, mradi wasiambukizwe tena. E. koli sugu, bakteria wa utumbo, hupitia kinyesi, na utumbo mbichi wa kuku anaolishwa mbwa ni mlango mkubwa. Uchemsheni mpaka uive.

Kidonda kisipopona, daktari wa mifugo achukue usaha kwa kijiti cha pamba kabla ya kuanza dawa, uoteshwe maabara. Majibu hutoka baada ya siku 2 au 3. Wakati huo, nawa kwa sabuni sekunde 20 kila umshikapo, funika vidonda vyako, asikurambe. Sakafu ioshwe kwa sabuni kwanza, maana uchafu humaliza nguvu ya klorini. Kisha jiki ya asilimia 3.5, mililita 30 kwa lita moja ya maji, dakika 10, halafu suuza. Kamwe usimpake mnyama.

Nanyi wauzaji wa maduka ya dawa, mteja akisema "ni ya mbwa", ombeni cheti cha daktari wa mifugo kabla ya kufungua kopo.

Daktari wa mifugo,
Morogoro