Kwa mpwa wangu uliyekabidhiwa kinanda cha mabomba

Mpwa wangu,

Mama yako ameniambia umekubali. Paroko amekupa ufunguo wa roshani ya kwaya, na sasa wewe ndiye mpiga kinanda wa parokia. Hongera sana. Ningeweza kukupigia simu, ila nimeamua kuandika hadharani, kwa sababu wapiga vinanda hufundishwa na wapiga vinanda wenzao, na ni nadra kusikia neno kutoka kwetu tunaosimama nyuma yao tukiimba. Mimi sijui kupiga. Nimeimba sauti ya nne, yaani besi, tangu sauti iliponivunjika nikiwa kijana, na nimeimba chini ya mikono ya kila aina.

Umekulia kwenye piano, kwa hiyo kuna mazoea utakayoyaacha mlangoni. Piano ukiigonga kwa nguvu inalia kwa nguvu, kisha sauti inafifia yenyewe. Kinanda cha mabomba hakijali hasira za kidole. Unapobonyeza unafungua njia ya upepo kuingia kwenye bomba, na sauti itaendelea vilevile mpaka uinue kidole. Ndiyo maana sisi waimbaji tunakutambua kwa unavyoachia kuliko unavyobonyeza. Pale unapoinua mkono ndipo tunapovuta pumzi. Mpigaji anayegandisha vidole kuanzia mwanzo wa ubeti hadi mwisho anatunyima hewa: sauti ya kwanza wataiba pumzi katikati ya neno, sauti ya tatu watafuata, na sala nzuri itakatika vipande. Basi imba maneno yote moyoni huku unapiga, tena yaimbe ukiwa unapumua kweli. Ukiona wewe mwenyewe umeishiwa pumzi, sisi tuliishiwa zamani. Na kati ya ubeti na ubeti tuachie nafasi ileile kila mara, ili hata aliyekaa benchi la mwisho bila kitabu ajue lini aanze.

Hata hicho chombo chenyewe kinaishi kwa pumzi. Ktesibios wa Aleksandria, fundi wa Misri katika karne ya 3 kabla ya Kristo, alitumia uzito wa maji kusawazisha upepo wa kinanda chake. Baadaye ikaja mivukuto, na kwa karne nyingi kila mpigaji alihitaji watu wa kuisukuma, wakitoka jasho bila yeyote kuwapongeza. Leo kazi hiyo inafanywa na feni ya umeme, haichoki wala hainung'uniki, na labda ndiyo sababu baadhi yenu mmesahau kwamba binadamu huchoka.

Sasa nije kwenye jambo linaloharibu uimbaji wa makanisa mengi: kuchelewa. Sauti husafiri karibu mita 340 kwa sekunde. Kanisa likiwa na mita 34 kutoka roshani hadi altare, waliokaa mbele wanakusikia baada ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Wanaimba walichosikia, na sauti yao inachukua muda uleule kurudi kwako. Kwa hiyo hata wakiimba sawasawa kabisa, wewe huku juu utawasikia wamechelewa. Mpigaji mpole huwahurumia, anapunguza mwendo awasubiri. Nao wanamsubiri yeye. Kufika ubeti wa tatu wimbo wa shangwe umekuwa wa msiba. Usisubiri, mpwa wangu. Shika mwendo wako, mtazame mwalimu wa kwaya kwenye kioo, na uyaamini macho kuliko masikio. Kama wewe na mwalimu hamkubaliani juu ya mwendo, malizaneni kwenye mazoezi. Mkigombana katikati ya Misa, wanaoumia ni sisi.

Kuhusu vile vifundo vya kuvuta, ambavyo kila kimoja hufungulia upepo safu yake ya mabomba, utakuta vimeandikwa 8, 4, 16 na kuendelea. Ni futi. Bomba refu kuliko yote kwenye safu ya futi 8 lina karibu mita 2.4, na safu hiyo hutoa nota kama zilivyoandikwa. Ya 4 iko oktava moja juu, ya 16 oktava moja chini. Kishawishi cha kila kijana ni kuvuta vyote. Vumilia. Waamini wakiimba, prinsipali, zile safu za sauti ya msingi ya kinanda, za futi 8 na 4 zinatosha, na ya 2 ongeza kanisa likijaa. Kwaya ikiimba peke yake, safu moja tu ya mabomba ya filimbi. Safu za tarumbeta ziwekee ubeti wa mwisho wa sikukuu kubwa. Nikiwa siwezi kumsikia mwenzangu wa sauti ya tatu aliye begani kwangu, wewe umezidisha. Papa Pio wa 10 alilisema tarehe 22 Novemba 1903: kinanda kitegemeze uimbaji, kamwe kisiulemee. Wapenda vinanda hunukuu zaidi Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ambao kwenye hati yake ya Liturujia ya 4 Desemba 1963 ulitaka kinanda cha mabomba kiheshimiwe sana. Ni kweli. Lakini hati hiyohiyo inataka waamini nao waimbe sehemu zao, na hapo wengi hufunga ukurasa.

Tena usijione mkubwa mno kukosolewa. Mtunzi Bach, aliyekuwa mpiga kinanda katika mji wa Arnstadt, Ujerumani, aliomba ruhusa ya wiki 4 mwaka 1705, akaenda kwa miguu hadi mji wa Lübeck kumsikiliza mpiga kinanda Buxtehude, akarudi baada ya miezi kama 4. Wakubwa wake wakamweka kiti moto. Mbali na utoro, walimshtaki kwamba anachanganya nota ngeni ndani ya nyimbo hadi waamini wanapotea. Na alipokuwa ameambiwa utangulizi wake ni mrefu mno, akaufanya mfupi kupita kiasi. Alikuwa na miaka 20. Mimi nasimama na waamini wa Arnstadt, nawe unisamehe: fahari ziweke kabla ya Misa na baada ya baraka. Utangulizi wa wimbo unatakiwa utupe ufunguo, mwendo na nafasi ya kuvuta pumzi, basi.

Kwaresima itakapofika, kinanda kitatumika kutegemeza uimbaji tu, isipokuwa Jumapili ya nne na kwenye sherehe na sikukuu. Wengine huona ni adhabu. Itumie kutuacha tuimbe wenyewe baadhi ya nyimbo, kisha gusa nota ya mwisho taratibu usikie tumeshuka kiasi gani. (Lawama itatupwa kwa sauti ya nne, kama kawaida. Usiiamini.)

Siku za joto mabomba mengi hupanda sauti, ila yale yenye ulimi wa shaba hubadilika kidogo tu, ndiyo maana yatagombana. Usiyaguse. Yaache kimya, umwite fundi.

Na ile orodha ya nyimbo uliyomtumia mama yako nimeiona. Wimbo wa mwisho unafika fa ya juu. Ushushe toni moja na nusu, uishie re. Sauti ya kwanza watanuna wiki nzima, nimekwisha kuwazoea.

Mjomba wako,
sauti ya nne, mstari wa nyuma